Saa Iliyobaki Jumamosi: Kisa cha Ubuntu Kwenye Kompyuta ya Steshenari

Malalamiko yalikuwa matatu, na mwenye duka aliyaleta kama mambo matatu yasiyojuana. Kwanza, Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kwenye kompyuta ya mezani ya steshenari yake ilikuwa inagoma kupokea masasisho. Pili, baadhi ya tovuti hazikufunguka: kivinjari kinatoa onyo la usalama leo, kesho tovuti ileile inafunguka bila shida. Tatu, na hili ndilo lililomuuma zaidi, kwenye daftari la mauzo analolitunza kwa LibreOffice Calc, mauzo ya Jumatatu yalikuwa yameandikwa tarehe ya Jumamosi. Binti anayekaa kaunta alikuwa ameshaulizwa zaidi ya mara moja kwa nini anachezea tarehe, na alipokana hakuaminiwa.

Duka liko Morogoro mjini, ndani ya jengo lenye ofisi kadhaa zinazotumia intaneti moja. Kazi zake ni zilezile za steshenari yoyote: fotokopi, kuchapa barua, kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo. Kompyuta ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na ndani yake kuna Ubuntu peke yake, hakuna Windows. Hilo la kutokuwepo Windows lina uzito wake, nitalirudia.

Kabla sijaitwa, fundi mwingine alikuwa ameshaigusa. Alibadilisha anwani zote za maghala ya programu kwenye faili la sources.list, akaielekeza mashine kwenye ghala nakala badala ya seva kuu za Ubuntu. Tatizo likatoweka kwa siku chache, kisha likarudi. Ushauri uliofuata ukawa ule unaotolewa kila fundi anapoishiwa: futa kila kitu, weka Ubuntu upya. Mwenye duka alikuwa ameanza kunakili mafaili kwenye flashi. Nashukuru hakuwahi, maana kuweka upya kusingegusa chanzo hata kidogo, na baada ya wiki moja angekuwa palepale, tena bila mipangilio ya printa iliyomtoa jasho kuikamilisha.

Kusoma ujumbe hadi mwisho

Nilirudisha anwani za awali, nikaendesha `sudo apt update`, amri ya apt inayovuta orodha mpya za programu, mbele yao. Mistari ya mwanzo ilipita salama. Kisha ikaja hii:

`E: Release file for http://security.ubuntu.com/ubuntu/dists/jammy-security/InRelease is not valid yet`

Baada ya maneno hayo apt huongeza hesabu, na hesabu hiyo ndiyo watu huiruka. Siku ile iliandika `1d 22h 19min 6s`. Maana yake ni kwamba faili la orodha ya programu limetiwa saini kwa tarehe ambayo, kwa saa ya mashine hii, haijafika bado; imebaki siku 1, saa 22 na dakika 19 ndipo ifike. Faili limepakuliwa, kwa hiyo mtandao upo. Saini yake imekubaliwa, kwa hiyo seva ni yenyewe. Kinachokataliwa ni tarehe tu.

Tena si maghala yote yaliyokataliwa. Ghala la `jammy` (jina la utani la Ubuntu 22.04) lenyewe lilipita kimya. Waliogoma ni `jammy-updates`, `jammy-security` na `jammy-backports`. Faili la InRelease (ile orodha yenye saini) la `jammy` lina tarehe ya 21 Aprili 2022, siku toleo hilo lilipotoka, na halijaguswa tangu hapo. Hayo mengine hutiwa saini upya kila masasisho yanapoingia, na masasisho huingia karibu kila siku. Mashine iliyobaki nyuma kwa siku mbili italipokea la 2022 bila neno na kuyakataa ya leo asubuhi.

Hapohapo ikaeleweka kwa nini kubadili ghala kulionekana kuwa dawa. Ghala nakala likichelewa kuvuta mafaili mapya kutoka kwa mama yake, orodha yake inakuwa na tarehe ya nyuma, na saa iliyo nyuma inaiona ni halali. Saa ilipozidi kubaki nyuma, dawa ikaisha nguvu.

Tovuti nazo ni hadithi ileile. Kila cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Vyeti vya Let's Encrypt, kwa mfano, vimekuwa vikidumu siku 90, na seva nyingi huvifanya upya zenyewe kabla havijaisha. Tovuti iliyopata cheti kipya jana jioni, ikifunguliwa kwenye mashine inayoamini kwamba leo ni juzi, inaonyesha cheti ambacho muda wake haujaanza. Firefox huandika `MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE`. Chrome husema wazi kwamba saa yako iko nyuma. Tovuti yenye cheti cha wiki tatu inafunguka vizuri. Na ile iliyogoma, saa ya mashine ikishaivuka tarehe ya cheti, inafunguka kana kwamba hakukuwa na kitu. Ndiyo maana mwenye duka alikuwa akilaumu tovuti moja leo na nyingine kesho.

Jambo hili lina hatari kubwa kuliko usumbufu wake. Binti wa kaunta alikuwa ameshajifunza kubonyeza sehemu ya kuendelea licha ya onyo, kwa sababu mteja amesimama mbele yake na fomu inafungwa saa sita usiku. Lile onyo ndilo linalotofautisha tovuti ya kweli na mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano. Steshenari ni mahali ambapo watu wasiokujua wanakupa namba zao za kitambulisho, majina ya wazazi wao, nywila zao. Mashine inayomfundisha mhudumu kupuuza onyo kila asubuhi imewaweka wazi wateja wote wa duka, na hakuna hata mmoja wao anayejua.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na ushauri unaozagaa wa kuendesha apt kwa kuzima ukaguzi wa tarehe, kwa `-o Acquire::Check-Date=false`. Ujumbe utaondoka, ni kweli. Lakini ukaguzi wa tarehe umewekwa ili mtu asiweze kukulisha orodha ya zamani yenye saini halali, ukabaki na programu zenye matundu yaliyokwisha kuzibwa kwingine. Ukikosea saa, tengeneza saa.

Kiasi cha tofauti

Mashine ya kawaida ina saa mbili. Moja ni ya mfumo, inayohesabiwa na Linux wakati mashine inafanya kazi, ukizima, inakufa. Nyingine ni ya vifaa, RTC, iliyoko kwenye ubao mkuu, inayoendelea kutembea mashine ikiwa imezimwa. Mpangilio huu ni wa tangu IBM PC/AT ya mwaka 1984, iliyotumia chipu ya Motorola MC146818 iliyotunzwa na betri. Linux inapowaka huisoma saa ya vifaa mara moja, huiweka kama saa ya mfumo, kisha huendelea kuhesabu yenyewe.

Amri inayoonyesha zote mbili kwa pamoja ni `timedatectl`. Ilikuwa Jumatatu, 11 Novemba 2024, saa 4:59 asubuhi kwa simu yangu. Mashine ikajibu hivi:

```
               Local time: Sat 2024-11-09 10:41:52 EAT
           Universal time: Sat 2024-11-09 07:41:52 UTC
                 RTC time: Sun 2012-01-01 02:56:08
System clock synchronized: no
              NTP service: active
          RTC in local TZ: no
```

Ningeshauri kila anayekutana na tatizo la saa aanze kwa kupima tofauti kabla ya kurekebisha chochote, maana kiasi cha tofauti karibu kila mara hutaja chanzo.

Tofauti ya saa 3 kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua, ni ugomvi wa Windows na Linux kwenye mashine moja. Windows huiandika saa ya vifaa kwa saa za eneo, desturi iliyotoka enzi za DOS. Linux huiandika kwa UTC, saa ya dunia isiyofuata eneo lolote. Kila mmoja akiisoma ya mwenzake, anakosea kwa umbali wa eneo lake kutoka UTC. Tanzania, Kenya na Uganda umbali huo ni saa 3 mwaka mzima, kwa kuwa hatusogezi saa kwa misimu. Msomaji wa Goma, Lubumbashi, Kigali au Bujumbura ataona saa 2. Wa Muscat ataona 4. Wa London atachanganyikiwa zaidi, kwa kuwa wakati wa baridi kwao tofauti haipo na wakati wa kiangazi ni saa 1. Dawa ya hilo ni kuiambia Linux ifuate desturi ya Windows, `timedatectl set-local-rtc 1`, au kuiambia Windows ifuate UTC. Lakini hapa Windows haikuwepo, na tofauti haikuwa 3.

Tofauti ya sekunde au dakika chache inayokua taratibu wiki kwa wiki ni ya kawaida: fuwele inayoendesha saa hizi si sahihi kabisa, na joto huipotosha. Hiyo husahihishwa na mtandao.

Yetu ilikuwa saa 48 na dakika 18. Niliandika namba hiyo kwenye karatasi nikamuuliza mwenye duka anafunga saa ngapi. Hufunga karibu saa 2 usiku, hufungua saa 2 asubuhi, Jumapili hafungui kabisa. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ni saa 12. Jumamosi usiku hadi Jumatatu asubuhi ni saa 36. Jumla 48, na dakika zinazozidi ni zile za kuzima mapema kidogo na kuwasha baadaye kidogo. Saa ya mashine ilikuwa imepoteza muda wote iliokuwa imezimwa tangu Ijumaa, wala haikupoteza hata dakika ya muda iliokuwa ikifanya kazi.

Mwaka 2012 na kitufe cha F1

Saa ya vifaa ndiyo iliyokuwa na siri. Tarehe 1 Januari 2012 haikutoka hewani. Ni tarehe ambayo BIOS ya mashine ile, yaani programu inayoanza kabla ya Ubuntu, huanzia inapokuta kumbukumbu yake imefutika. Kila mtengenezaji ana tarehe yake. Na ile 02:56 nayo ilikuwa inasema kitu: kutoka saa 4:59 asubuhi, ukirudi nyuma saa 2 na dakika 56, unafika saa 2:03. Nilimuuliza binti aliwasha umeme wa duka saa ngapi. "Saa mbili na dakika kama mbili tatu hivi, fundi, nilichelewa daladala." Saa ya vifaa ilikuwa imeanza kuhesabu kutoka sifuri pale swichi kuu ilipopandishwa.

Rekodi za kuwaka zikathibitisha. `journalctl -b | grep -i rtc` ilitoa mstari wa kernel, kiini cha Linux:

`rtc_cmos 00:01: setting system clock to 2012-01-01T00:03:11 UTC`

Dakika 3 baada ya umeme kuwashwa. Dakika 3 ni nyingi kwa mashine kufika hapo, nikauliza kama kuna kitu inasubiri.

"Huwa inaandika maneno meupe kwenye skrini nyeusi, nabonyeza F1 inaendelea."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Nilidhani ndivyo ilivyo."

Hakuwa ameficha. Hakuna aliyemuuliza, na yeye aliliona kama sehemu ya kuwasha, mfano wa kupiga kickstart pikipiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa unasema saa haijawekwa, ubonyeze F1 kuendelea. Kila anayetengeneza kompyuta za watu angepata faida kumwomba mhudumu aizime na kuiwasha mbele yake kama anavyofanya kila siku, na yeye anyamaze atazame tu.

Betri ya CMOS, ile inayotunza saa ya vifaa na mipangilio ya BIOS, ilikuwa imekufa. Lakini betri ikifa, mbona kuna siku saa ilikuwa sahihi? Mwenye duka alishikilia hapo, na alikuwa na haki. Kompyuta ya mezani ikizimwa kwa kawaida huku imechomekwa, kisanduku chake cha umeme hubaki kinatoa volti 5 za kusubiri, na saa ya vifaa hula umeme huo. Betri huhitajika pale tu umeme wa ukutani unapoondoka. Katika duka hili swichi kuu hushushwa kila jioni, kwa kubana units za LUKU na kwa kuogopa umeme kurudi kwa nguvu usiku ukaunguza printa. Isipokuwa jioni ambazo friji la soda limejazwa. Siku hizo swichi haishushwi. Kwa hiyo usiku wa friji lililojaa, saa ya vifaa ilibaki hai. Usiku wa friji tupu, ilirudi 2012.

Kwa nini Jumamosi, na si 2012

Kama saa ya vifaa ilisema 2012, Ubuntu ilipata wapi Jumamosi ya 9 Novemba? Hii ni sehemu ya mfumo inayofanya kazi nzuri kimyakimya.

Huduma ya systemd-timesyncd, inayosahihisha saa kupitia intaneti, huacha alama ya muda kwenye faili `/var/lib/systemd/timesync/clock`. Yaliyomo kwenye faili hayana maana. Maana iko kwenye tarehe yake ya kubadilishwa. Huduma huisasisha alama hiyo mashine ikiwa inafanya kazi. Mashine inapowaka na kukuta saa iko nyuma ya alama, huisogeza mbele hadi kwenye alama. Rekodi zilikuwa na maneno hayo wazi: `System clock time unset or jumped backwards`, yakifuatiwa na muda uliorejeshwa, dakika ileile ambayo kompyuta ilizimwa Jumamosi usiku, kwa saa ya mashine yenyewe iliyokuwa tayari nyuma kwa saa 12.

Bila alama hiyo, mafaili yote ya Jumatatu yangebeba tarehe ya zamani, vyeti vya karibu tovuti zote vingekataliwa, na tatizo lingegundulika asubuhi ya kwanza. Alama iliokoa mpangilio wa mafaili, kwa kuwa saa haikurudi nyuma hata mara moja. Ilisimama usiku, ikatembea mchana. Lakini pia iliufanya ugonjwa uwe mdogo kiasi cha kuvumilika, na kila usiku wa kushushwa swichi ukaongeza saa 12 juu ya zile za jana.

Kulikuwa na swali moja zaidi. Mstari wa `NTP service: active` unaonyesha huduma hiyo ya kusahihisha saa iko kazini, na intaneti ilikuwepo. Betri iliyokufa peke yake hainyimi Ubuntu saa sahihi: ndani ya sekunde chache baada ya kupata mtandao ingejisahihisha, na mwenye duka asingejua kamwe kwamba betri imekufa. Kulikuwa na kizuizi cha pili.

`journalctl -u systemd-timesyncd` ilikuwa na mstari uliojirudia mfululizo: `Timed out waiting for reply from 185.125.190.57:123`. Ombi linatoka, jibu halirudi. Itifaki ya NTP, utaratibu wa kompyuta kuulizana saa mtandaoni ambao David Mills aliuchapisha mwaka 1985, husafiri kwa UDP kupitia poti (mlango wa mawasiliano) 123, na anayesimamia intaneti ya jengo alikuwa ameifunga poti hiyo kwenda nje. Kuifunga kuna sababu zake: mwaka 2013 na 2014 seva za NTP zilizoachwa wazi zilitumika kwa mashambulizi makubwa ya kuzidisha trafiki, na wasimamizi wengi wakaamua kuziba kabisa. Uthibitisho ulikuwa rahisi. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha bando, nikachomoa waya wa mtandao wa jengo. Rekodi ikaandika `Initial synchronization to time server` na saa ikaruka kutoka Jumamosi hadi Jumatatu mbele ya macho yetu.

Ndipo binti akakumbuka kwamba intaneti ya jengo ikizingua huwa anatumia simu yake, na mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Hesabu ya saa 48 ilikuwa imeanzia pale. Simu ikiunganishwa, si saa ya mfumo tu inayosahihishwa: kernel ikishajua saa imesahihishwa kwa NTP, huiandika pia kwenye saa ya vifaa kila baada ya dakika 11. Siku ya simu ikifuatwa na usiku wa friji lililojaa, asubuhi kila kitu ni sahihi. Siku ya simu ikifuatwa na usiku wa friji tupu, saa 12 zimepotea. Bila simu, upungufu unaendelea kulimbikizwa. Mwenye duka alikuwa akitafuta mpangilio kwenye tabia ya mfanyakazi wake, kumbe mpangilio ulikuwa kwenye friji na bando.

Matengenezo

Betri ni CR2032: ya lithiamu, volti 3, kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Iliyokuwemo ilisoma volti 1.1 kwenye mita. Ya kwanza tuliyoletewa kutoka sokoni, ingali kwenye karatasi yake, ilisoma 2.6, niliikataa, maana mpya inapaswa kusoma 3 au zaidi kidogo. Nenda na mita yako dukani kama unayo, betri za aina hii zilizolala rafuni miaka mingi ni nyingi. Kabla ya kufungua, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili mabaki ya umeme yaishe, shika chuma cha kasha kwanza. Upande wenye alama ya kujumlisha hukaa juu. Na ile iliyokufa usiiache mezani. Betri hizi mtoto akiimeza zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2 tu, hata ikiwa imechoka kuendesha saa. Niliifunga kwa utepe pande zote mbili, nikaondoka nayo.

Baada ya kubadilisha, niliingia kwenye BIOS kabla ya kuruhusu Ubuntu iwake. Betri inapokufa haiondoki na saa peke yake. Kwenye mashine nyingi mipangilio nayo hurudi ya kiwandani, ikiwemo mpangilio wa vifaa vya kuwashia na namna diski inavyosomwa. Mashine nyingine huhama kutoka AHCI kwenda RAID, na Ubuntu iliyowekwa kwa AHCI inaweza isiione diski yake. Hapa ilikuwa salama. Kisha simu ikaunganishwa tena, saa ya mfumo ikawa sahihi, na nikaiandika kwenye saa ya vifaa bila kungoja dakika 11: `sudo hwclock --systohc`. Utaratibu huo una maana yake. Ukiiendesha amri hiyo saa ya mfumo ikiwa bado ina makosa, unayachapa makosa kwenye betri mpya.

Kuhusu poti 123, tulimfuata msimamizi wa intaneti ya jengo tukiwa na rekodi mkononi. Hakutaka kuifungua, ila alisema ruta yake yenyewe hutoa saa kwa mashine za ndani. Hiyo ilitosha. Kwenye `/etc/systemd/timesyncd.conf`, chini ya `[Time]`, tuliweka:

`NTP=192.168.10.1`

kisha `sudo systemctl restart systemd-timesyncd`, na `timedatectl timesync-status` ikaonyesha ruta kama seva. Kama ruta isingekuwa na huduma hiyo, ningeweka programu ya htpdate, inayosoma saa kwenye vichwa vya majibu ya tovuti za kawaida. Usahihi wake ni mdogo kuliko wa NTP lakini kwa vyeti na apt unazidi mahitaji. Kuna wanaopendekeza chrony, programu nyingine ya kusahihisha saa, yenye NTS (NTP iliyoongezewa ulinzi) kwa mazingira kama haya. Haisaidii, kwa sababu NTS hupeana funguo kupitia poti 4460 lakini muda wenyewe kwa kawaida bado unapita 123.

Jioni ile swichi kuu ilishushwa kwa makusudi, friji likiwa tupu, na waya wa mtandao wa jengo ukiwa umechomolewa ili betri ijaribiwe peke yake. Asubuhi maneno meupe hayakutokea. `timedatectl` ilionyesha saa zote mbili zikiwa siku moja, dakika moja. Waya uliporudishwa, `apt update` ikapita maghala yote, na masasisho ya usalama yaliyokuwa yamelundikana yakaanza kushuka.

Likabaki daftari la mauzo. Binti huweka tarehe kwa Ctrl na nukta-mkato, njia ya mkato ya Calc inayoandika tarehe ya mashine na kuiacha hapo, kwa hiyo kila mstari ulibeba kosa la siku yake. Hatukuweza kusogeza zote kwa kiasi kimoja, kwa kuwa upungufu ulikuwa ukibadilika. Tulianza na mauzo yaliyolipwa kwa simu: ujumbe wa malipo hubeba tarehe ya mtandao wa simu, isiyoijua kompyuta ya duka. Ukikuta malipo ya simu kwenye mstari, siku ya kweli inajulikana, na mistari ya fedha taslimu iliyo kati ya malipo mawili ya simu inapangika. Kwa siku ambazo hakukuwa na malipo ya simu, `journalctl --list-boots` ilitusaidia kuona mashine ilizimwa na kuwashwa mara ngapi, na mfuatano wa mistari ukalingana na mfuatano wa kuwashwa. Mwenye duka aliipitia mistari hiyo yeye mwenyewe, binti akiwa pembeni, na jumla za kila siku zikalingana na fedha alizokabidhiwa. Alimwomba radhi palepale. Siku tatu za Agosti hazikuthibitika kwa njia yoyote. Zimeachwa na tarehe zake za awali, na safu mpya pembeni imeandikwa kwamba tarehe hiyo haina uhakika.